Mama Alivyofika Amina

Kiharusi kilimwacha mama, fundi cherehani, na ulimi mzito. Kila jioni alipoanza Baba Yetu mezani alikwama njiani, nami kwa huruma nikammalizia. Jioni moja alinishika mkono.

"Usi... nimalizie."

"Mama, chai inapoa," kaka alitania. "Mungu ameshaelewa."

"Kunywa wewe... mlafi."

Tulicheka, naye akaendelea na sala. Alikwama kwenye "utusamehe", akarudi mwanzo, jasho likimtoka. Niliuma midomo nisimsaidie. Aliposema "Amina", alitutazama kama aliyekata uzi wa mwisho wa gauni la harusi.

Tangu hapo tulimsubiri kila siku, mpaka alipofariki. Jana tulimzika. Nimelia, ila sina wasiwasi naye. Bwana Mungu aliyemngoja katika kila neno amempokea.