Kibali cha Kahawa

Bi Auleria wa Kamuli aliacha kumenya ndizi, akazikodolea macho fomu za vibali vya kuishi nchini ambazo Jens, mpangaji wake kutoka Denmaki, alikuwa akizilinganisha mezani.

“Hii ya muda gani?”

“Miezi mitatu, mama.”

“Ya maharage hiyo. Unavuna, unaondoka. Na hii?”

“Miaka miwili.”

“Ya mgomba. Mkungu utaula, lakini kahawa ukipanda leo, inaanza kuzaa mwaka wa tatu. Ya kahawa haipo?”

Jens alizipekua zote. “Haipo. Miwili ikiisha, unaomba tena.”

“Unaomba mikono mitupu?”

Bi Auleria akaenda uani, akarudi na mche wa kahawa. “Panda. Wakikuuliza mbona huondoki, waonyeshe maua.”