Magharibi ya Tarehe Ishirini na Mbili

Mawakili wenzake walipenda kutania kwamba ukimwona Priscah Ngowa anaingia mahakamani na faili jembamba, mpe shahidi wako maji mapema. Wenye mafaili manene hawakumtisha mtu. Priscah alikuja na karatasi mbili tatu, akauliza maswali madogo madogo kwa sauti ya mkwe mwema, akakusanya ndiyo moja baada ya nyingine, na mwisho kabisa ndipo alipoitoa karatasi yenyewe.

Siku hiyo karatasi zilikuwa mbili tu. Ya kwanza ilikuwa hati ya hiba, inayosema kwamba marehemu alimpa mkewe, Bi Mwanakombo, nyumba yao ya Mji wa Kale. Ya pili ilikuwa ukurasa wa faili la hospitali. Mteja wake alikuwa Khubaib, mwana wa marehemu kwa mke wa kwanza, aliyetaka hati ivunjwe ili nyumba iingie kwenye urithi. Ikivunjwa, mjane angebaki na thumuni yake, na kwa thumuni hupati hata chumba.

Bi Mwanakombo alisimama kizimbani kwa buibui jeusi lililopauka mabegani. Alikuwa na miaka themanini kasoro.

"Mama, hati hii iliandikwa wapi?" Priscah aliuliza.

"Nyumbani, mwanangu. Aliiandika Maalim Chonga, Mungu amrehemu."

"Saa ngapi?"

"Baada ya magharibi. Mzee aliswali, akan'ita, akanitia ufunguo mkononi. Kisha akatoka nje, akarudisha mlango, akapiga hodi. Nami nikamwambia karibu. Akaingia, akaketi wanapoketi wageni. Akasema nyumba si yake tena, yeye ni mgeni wangu."

Hiba haikamiliki mpaka mtoaji akiachilie alichotoa, na wazee wa mji ule walikuwa na adabu zao za kuachilia. Priscah alimwona kabisa yule mzee akisimama nje ya mlango wake mwenyewe, akingoja kukaribishwa. Picha hiyo ilimgusa, na hakupenda.

"Ilikuwa siku gani?"

"Mwezi ule alilazwa mara tatu, akitoka na kurudi. Siku sizikumbuki. Ni hiyo iliyoandikwa."

"Imeandikwa Ijumaa, tarehe ishirini na mbili Machi, elfu mbili kumi na tisa. Unaikubali?"

"Kama ndivyo ilivyoandikwa."

Hapo akautoa ukurasa wa hospitali, akausoma polepole. Mgonjwa alilazwa Ijumaa tarehe ishirini na mbili, saa moja asubuhi. Siku hiyo hiyo, saa moja kasoro robo jioni, alipimwa joto akiwa kitandani. Aliruhusiwa Jumapili.

"Basi mama, magharibi ya siku hiyo mumeo alikuwa hospitali. Huyo aliyepiga hodi kwako alikuwa nani?"

Lilikuwa swali la mbwembwe tu, la kumfungia shahidi njia. Lakini Bi Mwanakombo alilipokea kama swali la kweli. Aligeuka akautazama mlango wa mahakama kwa muda mrefu.

"Sijui," alisema.

Priscah alipoikunja hati, jicho lake likaangukia pembeni, penye wino wa Maalim Chonga: 15 Rajabu 1440. Akasimama hivyo hivyo, karatasi mkononi. Enzi za chuo alipanga chumba Kibokoni, humo humo Mji wa Kale, miaka minne, na kila Alhamisi jua likizama mwenye nyumba alimgongea ukuta: Ijumaa imeshaingia, punguza redio! Kwa watu wale siku huanza magharibi. Maalim aliandika tarehe ya Rajabu iliyokuwa imeingia punde tu, kisha akatafuta kwenye kalenda ya ukutani tarehe ya Kizungu iliyo pamoja nayo, akanakili ishirini na mbili. Kumbe kwa saa za hospitali bado ilikuwa Alhamisi, tarehe ishirini na moja. Mzee alikuwa nyumbani, mzima kiasi chake, na usiku mzima mbele yake kabla ya kwenda kulazwa.

Bi Mwanakombo alikuwa amesema kweli tupu.

Jaji alikuwa mtu wa bara. Wakili wa mjane, Ronny Mutunga, alikuwa na mwaka mmoja tu Mombasa, na wakati huo alikuwa akipekuapekua makaratasi yake bila kujua anatafuta nini. Hakuna mwingine aliyeona. Nani amlaumu wakili kwa kutomfundisha mpinzani kazi?

"Sina swali zaidi, Mheshimiwa," Priscah alisema, akaketi.

Baada ya miezi mitatu hukumu ilitoka na Khubaib akashinda. Alimletea wakili wake haluwa ofisini Ganjoni. Priscah alionja kipande, akawaachia makarani kilichobaki. Kwa miezi hiyo yote, kila adhana ya magharibi ilimkuta akiutazama mlango wake mwenyewe, sikio limesimama. Aliona haya, na aliogopa, asijue hasa anaogopa nini. Alijituliza kwa neno moja: rufaa. Ronny atakaa na hati, ataiona ile Rajabu.

Jioni moja alimkuta Ronny ufukweni Mama Ngina, kwenye muhogo wa kukaanga.

"Rufaa umeiwasilisha?" alimuuliza.

"Bibi amekataa, dada. Zimebaki siku nne. Alihama hata kabla ya hukumu, yuko Buxton kwa mpwa wake. Asema hata angeshinda, nyumba ile hailaliki."

Priscah alimweleza yote papo hapo, huku akijua Khubaib akisikia atamshtaki na huenda leseni ikaenda. Ronny akatupa muhogo wake. "Twende sasa hivi," akasema.

Huko Buxton taa zote zilikuwa zimewashwa, na jua halijazama. Bi Mwanakombo aliwakaribisha kwa adabu, akaitikia shikamoo yao, akasikiliza. Priscah alimwekea hati na kalenda magotini, akamwonyesha kwa kidole Rajabu, Alhamisi, Ijumaa. Ronny akaweka fomu na kalamu.

"Alikuwa mumeo, mama. Yeye mwenyewe. Mimi ndiye niliyekupoteza."

"Siku ile ulin'onyesha karatasi," alisema Bi Mwanakombo. "Na leo wan'onyesha karatasi. Zote mwazisoma nyinyi." Akaisogeza kalamu kando, taratibu. "Miaka arobaini na sita nalilala ubavuni mwake, sikumwogopa hata siku moja. Sasa nikimkumbuka, namwona yule aliyeingia, akaketi, akanichekea."

Adhana ya magharibi ikaanza. Mpwa wake, bila kuambiwa, akainuka akatia komeo mlangoni.

"Nyumba mwachieni Khubaib, n'nasamehe," Bi Mwanakombo alisema. "Lakini kila baada ya swala nalikuwa nikimwombea mzee kwa jina lake. Sasa jina nalimeza, mwanangu. Nachelea kumwita yule mwengine."