Gauni la Zipu Mgongoni

Gauni lilikuwa la buluu, lina kola nyeupe, na zipu yake ilikuwa mgongoni. Kisioki alimpa mke wake, Naisenya, siku ileile mkewe aliposhuka kwenye lori na mtoto wa miezi mitatu, akitoka Soitsambu alikojifungulia kwa mama yake. Alilikunjua juu ya kitanda taratibu, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu.

"Hapa Karatu huwezi kutembea na shuka," alisema. "Na mtoto usimnyonyeshe nje. Ni humu ndani tu, mlango umefungwa."

Naisenya hakuuliza kwa nini. Mwaka ule kitambaa kilikuwa hakionekani madukani. Mwanamume akihangaika hivyo kwa ajili yako, huanzi kumhoji. Alilivaa. Mwajabu, mama mwenye nyumba, ndiye aliyemfunga zipu kila asubuhi. Mtoto akilia, Naisenya alikimbilia chumbani, akajipinda mikono nyuma mpaka zipu ishuke, akavua mabega yote mawili, akabaki wazi mpaka kiunoni, peke yake kwenye giza la mchana. Akimaliza alilazimika kumwita tena Mwajabu aje kumfunga. Aliona haya kumwita mara tano, mara sita. Basi mchana akawa anampa mwanawe Saning'o uji mwepesi kwenye chupa, na ziwa likangoja asubuhi na usiku.

Kisioki alikuwa mlinzi kwenye hoteli ya watalii kule juu, ukingoni mwa kreta. Alishuka Jumamosi moja, ya pili akakosa. Kwa hiyo hakuona jinsi mtoto alivyokuwa anapungua mashavu.

Nesi wa kliniki ndiye aliyeona. Alimning'iniza Saning'o kwenye mzani, akaweka nukta kwenye kadi, akaunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Mstari uliokuwa unapanda ukainama.

"Unamnyonyesha mara ngapi, mama?"

Naisenya akatazama vidole vya miguu yake. "Asubuhi. Na usiku."

"Ziwa lisiponyonywa linaacha kutoa. Mpe kila anapotaka, popote ulipo. Usipofanya hivyo, mwezi ujao utakuja hapa huna maziwa kabisa."

Popote ulipo. Njia nzima ya kurudi, maneno hayo yalimzunguka kichwani. Kwa yeyo, mama yake, ilikuwa hivyo. Saning'o alinyonya huku Naisenya akikamua ng'ombe, huku Naisenya amekaa na wanawake wanaoziba ukuta kwa samadi, hata wazee wakipita kuulizia mbuzi aliyepotea, nao wakasalimia na kupokea salamu na kwenda zao. Yeyo alikuwa akimtupia mtoto ncha ya shuka usoni, lakini hiyo ilikuwa kwa ajili ya nzi. Jioni alimshika Naisenya ziwa kwa kiganja, kama mtu anayepima kibuyu, akasema, "Lipo. Kunywa maji." Hakuna mtu Karatu aliyemwambia kunywa maji. Alitamani kile kiganja kikavu kuliko chakula.

Siku ya Alhamisi alifunga furushi lake. Lori la kwenda Wasso, njia ya kwao, lingepita Jumatatu, naye angepanda, Kisioki apende asipende. Akichelewa zaidi ya hapo, angempelekea yeyo mtoto mwembamba na ziwa kavu. Ila hakuweza kufika kwa mama mikono mitupu, na Ijumaa ikasikika kwamba sukari imefika kwenye duka la ushirika.

Alipofika, foleni ilikuwa imeshazunguka kona. Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi jekundu, na baridi ya mwezi wa saba ilikuwa haijaondoka. Mwajabu alikuwa mbele, watu kama kumi. Barazani mwa duka alikaa mume wake, Mzee Hamidi, na cherehani yake kama kawaida. Nyuma ya Naisenya alisimama mama mmoja Mwiraki wa hapo hapo Karatu, Lusia, mwenye kapu na sauti kubwa.

Saa nne mtoto aliamka. Chupa ya uji ilikuwa imeshapoa, akaitema. Akalia, akanyamaza, akalia tena.

"Huyo anataka ziwa," Lusia alisema.

"Najua, mama."

"Sasa si umpe?"

Naisenya akamhamishia mtoto bega la pili. Akageuka kidogo, Lusia akauona mgongo wake.

"Ee! Mwajabu! Hebu njoo uone! Gauni la heshima hili! Ukitaka kumnyonyesha mtoto ndani yake, lazima kwanza uvue nguo zote!"

Foleni ikacheka. Naisenya alihisi masikio yanawaka. Mwajabu alirudi nyuma, mikono kiunoni.

"Acha kumcheka, Lusia. Zipu hiyo naifunga mimi kila siku, nikadhani ndivyo anavyopenda." Akageukia barazani. "Hamidi! Hili si umeshona wewe?"

Mguu wa Mzee Hamidi ukasimama kwenye cherehani. "Nimeshona kama nilivyoambiwa. Kijana alisema anataka kama la yule dada wa mapokezi, kule hotelini."

"Na huyo dada ananyonyesha?"

"Mimi napima mabega na kiuno. Habari za mtoto sikuambiwa."

"Nimekuzalia watoto sita, Hamidi! Mpaka leo hujajua maziwa yanatokea upande gani?"

Hapo hata wanaume walicheka, na Mzee Hamidi akainama kutafuta sindano ambayo haikuwa imeanguka.

"Nenda nyumbani, mwanangu," Lusia alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Kamnyonyeshe, urudi. Nafasi yako naishika mimi."

Naisenya akataka kwenda. Mguu ulishatoka kwenye foleni. Lakini Saning'o alikuwa ameacha kulia. Alikuwa anageuza uso huku na huku kifuani pake, mdomo wazi, anaulamba ule ubuluu. Naisenya akasikia mchomo, kitu kikavuta kutoka kwapani, na kitambaa kikaanza kulowa. Upande mmoja, halafu wa pili. Alitazama chini, akaona madoa mawili yanapanuka mbele ya watu wote, na badala ya aibu kilichomjaa kilikuwa furaha iliyokaribia kumliza. Yalikuwapo. Yalikuwapo bado.

"Mzee Hamidi," alisema. "Naomba wembe."

"Wembe wa nini? Lete kesho, nikufumulie vizuri."

"Leo, Mzee. Sasa hivi."

Mzee Hamidi akamtazama, akayaona madoa, akampa mkewe wembe na kugeuka akakaa akitazama ukuta. Mwajabu akainua mkono wa Naisenya, akafumua mshono wa ubavuni, kutoka chini ya kwapa kushuka shubiri moja, uzi mmoja mmoja ukilia. Lusia alisimama upande wa upepo na kapu lake. Mwajabu akavua kanga begani, akamwekea.

"Jifunike ukitaka. Usipotaka nirudishie, baridi inaniuma."

Saning'o alidaka ziwa kama aliyegombana nalo. Naisenya alikuwa ameshika kanga kwa nguvu, akingoja macho ya watu. Mtoto akaivuta kwa ngumi yake ndogo, ikaanguka, na Naisenya akanyanyua uso. Mbele, watu walikuwa wanabishana na mwuzaji kuhusu kibaba. Lusia alikuwa anakung'uta vumbi kwenye kiatu. Foleni ikasogea, naye akasogea nayo akinyonyesha, akampa Mwajabu kanga yake. Sukari aliipokea kwa mkono wa kushoto, akiomba radhi.

Kesho yake Mzee Hamidi alikata pindo, akatia ukanda wa vifungo kila ubavu. Kisioki aliposhuka alasiri alimkuta mke wake nje ya mlango, juu ya kigoda, mtoto yuko ziwani. Alisimama. Akatazama barabara, watu wawili wakapita, wakasema za mchana.

"Gauni limefanyaje?"

"Nimelichana, baba Saning'o. Maziwa yalikuwa yanakauka." Akampa kadi ya kliniki. Kisioki alifuata ule mstari kwa kidole mpaka pale ulipoinama, na kidole kikabaki hapo.

"Pale getini hotelini," alianza, "kuna siku alikuja mwanamke wa kwetu kuuza shanga, akakaa ananyonyesha. Wageni wakamzunguka na kamera. Wanacheka, wanamwonyesha ageuke. Mimi ndiye mlinzi. Nimesimama na rungu langu kama nguzo, sikusema kitu." Akaikunja kofia yake. "Alifanana na wewe. Nikaona nikununulie nguo ambayo ukiivaa hawawezi kukufanyia vile."

Kupitia mlango, furushi lilionekana kitandani, na Kisioki alikuwa ameliona.

"Unaenda kwa yeyo."

"Nilitaka kwenda."

"Na sasa?"

"Sasa nina hamu naye tu," alisema.

Kisioki aliingia ndani. Akatoka na kikombe cha maji, akampa, akaketi chini kwenye kizingiti, upande wa barabara. Hakumwambia afunge mlango.

Jumatatu lori lilipita. Kasaine, mama mmoja wa kwao aliyekuwa anarudi Soitsambu, alikuwa amekaa juu ya magunia. Naisenya alimpandishia sukari, ameishona ndani ya kipande cha pindo la buluu. Yeyo hakujua kusoma. Angepapasa kitambaa tu.

"Nimwambie nini?" Kasaine aliuliza.

Yalikuwa mengi. Dereva alishawasha.

"Mwambie mtoto ananyonya," Naisenya alisema. "Mwambie nakunywa maji."

Lori likapinda kuelekea kreta, vumbi likabaki. Naisenya akakaa juu ya jiwe pale pale kando ya barabara, akafungua vifungo.