Mzunguko wa Pili

Mimi sioni tangu nikiwa darasa la nne, na kazi yangu ni kukanda watu misuli. Nayasema hayo mawili mapema kwa sababu watu huyachanganya, wakadhani mikono yangu ina uchawi uliokuja kuziba pengo la macho. Hakuna uchawi wowote. Nimeshika migongo na miguu ya watu miaka nenda miaka rudi, basi. Hata wewe ungeshika mingi kiasi hicho, ungemjua aliyebeba mizigo na aliyekaa kutwa kwenye kiti akidai amebeba mizigo.

Kitu kinachonichosha kuliko giza ni kupunguziwa. Shuleni wenzangu walipewa hesabu kumi, mimi tano. Nikienda sokoni muuzaji ananichagulia vilivyo karibu ili nisihangaike. Kaka yangu, tumbo moja, kwa mwaka mzima alikuwa akinishika sikio nifunge chumba changu cha kazi nihamie kwake, chumba cha uani, nile nilale. "Mtu kama wewe," alikuwa akianza hivyo, na mimi nikishasikia hayo maneno damu inanichemka.

Twiga peke yake hakuwahi kunipunguzia. Ni fundi umeme, mwanamke mrefu anayeinama kwenye kila mlango, tumesoma pamoja. Nikitembea naye nashika kiwiko chake. Akisema "ngazi", nanyanyua mguu. Akisema "shimo kushoto", naenda kulia. Mtu mwingine akiniambia "ngazi" natanguliza kidole cha mguu nihakikishe kwanza, hata akiwa kaka. Kwa Twiga sikuwahi kuhakikisha.

Kwa hiyo nilipotangaza mezani kwa kaka kwamba nataka kukimbia marathoni, tena nje ya nchi, alicheka hadi akapaliwa na chai.

"Si uanguke hapahapa kwanza, uokotwe na watu wanaokujua?"

"Atakimbia na mimi," Twiga akasema.

"Na mimi nakwenda," akadakia wifi, mke wa kaka, mpishi wa shule ya bweni, mwenye sauti ya kuita watoto mia nne kula. "Siwezi kubaki na mwanamume anayecheka hivi."

Kaka akajifuta. Akasema nikiimaliza yote hatalitaja tena suala la kuhama. Nikamwambia aweke maneno hayo mahali pakavu yasioze.

Mimi na Twiga tulifanya mazoezi asubuhi, kabla magari hayajachangamka. Tulifungana kamba fupi, kifundo cha mkono wake kwa changu. Akivuta kidogo tunakata kona, akilegeza tunanyoosha. Tukirudi kutoka mbio ndefu, Twiga alikuwa anajitupa kwenye meza yangu ya kazi na mimi namkanda miguu. Ilikuwa desturi yetu. Alisema ndiyo mshahara wake, na kwamba bosi ana mikono mizito. Siku tuliyokimbia mbali kuliko zote, mashavu ya miguu yake yalikuwa magumu hadi nikatumia kiwiko, naye akanitukania ukoo wote.

Tulifika kwenye mji ule wa wenyewe, baridi inapenya hadi kwenye fizi. Wifi alikuwa amesafiri na mfuniko wa sufuria na mwiko wa chuma ndani ya begi. Mkaguzi wa uwanja wa ndege alimtolea mfuniko nje akamuuliza ni wa nini. "Wa kushangilia," akajibu, wakamwachia.

Hotelini wifi alinieleza njia kwa kuichora mgongoni mwangu kwa kidole. Tutatoka uwanjani, tutanyoosha hadi kwenye bwawa, tutalizunguka mara mbili, kisha tutarudi. Kando ya bwawa kuna kiwanda cha mikate. "Harufu utaipata mara mbili," akasema, "na mimi nitasimama hapohapo, kwa hiyo mfuniko wangu utausikia mara mbili."

Kwenye meza ya kujiandikisha, mama mmoja alituambia kwamba kiongozi wa mkimbiaji asiyeona akichoka, pale bwawani kuna viongozi wa akiba wa kujitolea wamevaa fulana za njano. Kamba inahama mkono, mkimbiaji anaendelea. Nikamshukuru. Twiga akajibu kabla sijafunga mdomo: "Hatutawahitaji."

Asubuhi ya mbio aliniambia niiache chumbani saa yangu inayosema. "Itakupigia kelele tu, itakutia wasiwasi." Nikaivua.

Nilikimbia vizuri. Sina sababu ya kujinyenyekeza, nilikimbia vizuri. Maelfu ya nyayo yalinizunguka, na pumzi za watu wa kila namna, na kamba ikawa tulivu kati yetu. Tulipofika bwawani hewa ikawa na unyevu, kisha harufu ya mkate moto ikanijia usoni kama mtu amefungua mlango wa jiko. Mfuniko wa wifi ukalia. "Wifiii! Usituaibishe!" Nikacheka huku nakimbia.

Baada ya hapo kamba ikawa inaruka kidogo, kama mtu anayetembea na kokoto kiatuni. "Uko sawa?" nikamuuliza. "Kimbia," akasema. Tukaendelea muda mrefu. Nilikuwa nasubiri mkate. Nikaanza kusikia kelele za umati, na kipaza sauti, na njia ikawa ngumu chini ya miguu.

"Mkate wa pili uko wapi?"

"Upepo umegeuka. Tumeshapita. Huu ni uwanja."

"Na wifi?"

"Kapanda basi la watazamaji. Anatungoja mwisho. Msikilize."

Kweli, mfuniko ulikuwa unalia mbele. Nikakaza mwendo. Tulipita mstari pamoja, mtu akanivalisha medali baridi shingoni, wifi akanikumbatia na mfuniko ukanipiga kwenye nyonga. Alikuwa analia. Nililia na mimi, kwa kwikwi kabisa, bila haya. Nilimpigia kaka hapohapo, Twiga akadakia simuni kwamba nimemaliza yote. Akaweka simu kwenye spika ili wote nyumbani wasikie, na wateja wangu wawili walikuwa wamekuja, wakapiga vigelegele. Kaka akasema, "Umenifunga mdomo." Sijawahi kusikia maneno matamu kama hayo.

Alasiri chumbani nikamwambia Twiga, "Lala nikulipe mshahara."

"Leo pumzika, jamani. Wewe ndiye bingwa."

"Lala."

Akalala. Nikamwaga mafuta mkononi, nikaanza na mguu wa kulia, kwenye shavu la mguu, kama siku zote. Mikono yangu ilitangulia kujua, mimi nikafuata nyuma nikibisha. Misuli ilikuwa imechoka, ndiyo, lakini ilibonyea. Siku ile ndefu ya mazoezi ilinibidi kutumia kiwiko. Leo kidole gumba kilizama. Nikahamia kushoto, nikapanda juu, nikakuta goti limevimba, la moto, limejaa pande zote mbili. Twiga akavuta mguu.

"Hili goti limeanza wapi?"

"Mwishoni mwishoni."

"Goti la mwishoni haliwi hivi. Limeanza wapi?"

Wifi alikuwa anakunja nguo kwenye kitanda cha pili, nikasikia ameacha kukunja.

"Wifi," nikasema, "mfuniko uliupiga mara ngapi pale bwawani?"

"Mwenyewe ulinisikia..."

"Nilikusikia mara moja."

Akakaa kitandani, springi zikalia. "Alinipungia mkono," akasema polepole. "Nilikuwa nasubiri mrudi mara ya pili, nikawaona kwa mbali mmekata kurudi uwanjani bila kuzunguka tena. Akaweka kidole mdomoni, ninyamaze. Nilimwona anachechemea, nikajua ni goti. Nikapanda basi. Ningefanya nini, wifi yangu? Ulikuwa unacheka. Ulikuwa na furaha ya ajabu."

Nikauliza kama wale wa fulana za njano walikuwepo. Wifi akasema walikuwepo, wengi tu, wamekaa kwenye viti wanapuliza mikono kwa baridi.

Niliendelea kushika lile goti. Nadhani sikujua pa kuipeleka mikono. "Kwa nini hukunipa mtu mwingine?"

Twiga akalia kabla ya kujibu. "Miaka yote hii nimekuwa na wewe. Halafu mtu baki achukue kamba hatua za mwisho, avuke na wewe, apigwe picha na wewe? Nilishindwa. Nilitaka niwepo."

"Ungenisubiri pale mwisho."

"Si sawa na kuvuka."

"Kwa hiyo ukanipunguzia."

"Ni kipande tu. Miguu yako ilikuwa inaweza, kila mtu aliona inaweza. Kuna tofauti gani? Nilijua hutajua."

Hapo ndipo nilipoondoa mikono. Goti ningemsamehe siku hiyohiyo. Hata ile picha ningemsamehe, kila mtu ana tamaa yake. Lakini katika watu wote duniani, aliyekaa akapiga hesabu ya giza langu, akaona linatosha kunificha kipande kizima cha njia, alikuwa yeye. Na hesabu yake ilikuwa sahihi. Kama asingelala kwenye kitanda kile ningezeeka na medali ile ukutani, nikiwasimulia wateja.

Nilinawa mafuta. Wifi akaniomba nisimwambie kaka. Akasema kwa nini nimpe mwanamume yule kicheko, na chumba changu cha kazi je? Nilijua anachosema. Nilipapasa simu nikampigia.

"Kaka, sikumaliza."

"Acha mzaha. Twiga amesema umemaliza."

"Ndiyo. Twiga amesema."

Hakucheka. Akasema kwa upole kabisa, "Basi rudi nyumbani. Mtu kama wewe umejitahidi." Nikamkatia simu. Afadhali angecheka.

Medali niliiacha juu ya beseni la kunawia, mfanya usafi ataamua.

Kesho yake tulikwenda uwanja wa ndege. Wifi alitangulia na mabegi, mfuniko ukigongagonga ndani. Mimi sikuwa na namna. Ule mji siujui, lugha yao siijui. Nikanyoosha mkono, kiwiko cha Twiga kikaja palepale kinapokujaga siku zote, naye alikuwa anachechemea. Tukatoka mlango wa hoteli, upepo ukatupiga.

"Ngazi," akasema. "Tatu, zinashuka."

Nilisimama. Watu nyuma yetu wakasimama. Nikautanguliza mguu, nikaitafuta ya kwanza kwa kidole, nikaikuta. Nikaitafuta ya pili. Twiga alikuwa ananisubiri, na mimi nikaendelea kupapasa hadi ya mwisho.