Kuku wa Sabina

Sabina aliteleza juu ya mawe akianika dagaa, akavunjika mguu wa kulia chini ya goti. Daktari wa mifupa alimfunga hogo, ile plasta ngumu nyeupe, kisha akamgeukia mumewe.

"Wiki sita, mzee Masele. Akikanyaga kabla, mfupa utaunga upande."

Masele akaitikia kwa unyonge. Alimjua mkewe. Tangu amuoe hajamwona akikaa kitini hadi chai ipoe.

Nyumbani Mkolani, Sabina akamwita mzee Chenge, fundi wa mifupa kutoka Kisesa. Chenge alifuata desturi: alimvunja kuku mguu wa kulia, akaufunga vijiti kwa kipande cha kanga. Kuku akitembea, na mgonjwa atembee.

"Daktari ana karatasi, mimi nina kuku," Sabina akasema. "Siku atakayotembea, baba Queen, lete msumeno tulikate hogo hili. Suzana wa meza ya jirani anamaliza wateja wangu wa dagaa sokoni."

Wiki ya tatu, asubuhi, Masele alimkuta kuku akikimbiza panzi uani. Alimdaka, akachana shati lake kuukuu, akamfunga vijiti upya. Tangu hapo, kila asubuhi alipiga magoti nyuma ya jiko akikaza kitambaa na kunong'ona, "Chechemea, mama. Chechemea kidogo tu."

"Kuku wangu vipi?" Sabina aliuliza kila siku.

"Bado, mama Queen. Hata kusimama ni shida."

"Kuku wa siku hizi wavivu," alijibu, akageukia ukutani, mabega yakitikisika. Masele alidhani analia.

Wiki sita zikatimia. Hogo likakatwa, picha ikapigwa, mfupa umenyooka. Daktari akamsifu mgonjwa kwa utii.

"Msifu kuku," Sabina akasema.

Nyumbani alijikongoja kwa magongo hadi uani, akamfungua kuku, akainua kile kitambaa.

"Chenge alifunga kanga. Hili shati la mistari ni la nani?"

Masele akainama kuokota vijiti.

"Dirisha la chumbani linaona nyuma ya jiko, baba Queen."

"Ulijua? Mbona hukuinuka?"

"Miaka thelathini nakusalimia kwa magoti. Nikasema acha na wewe ujue yanavyouma!"

Sabina alizikwa mwaka jana. Kuku bado yupo. Asubuhi Masele hupiga magoti nyuma ya jiko kumpa mtama, na kabla hajainuka hutupa jicho dirishani.