Gari la Mama Husimama Kila Kona

Kaka yangu ukimpigia simu husema salama. Ukimuuliza kazi, salama. Ukimuuliza baridi ya huko aliko, salama. Siku moja alikuwa na homa, sauti imemkauka kama ya kuku mwenye mafua, na bado alisema salama. Mama alipokata simu akaniambia, "Huyu hata akiwa tumboni mwa mamba atasema salama." Tangu hapo tukamwita Bwana Salama. Mwenyewe analijua jina hilo na wala halimsumbui.

Alipoondoka kwenda kufanya kazi kwenye ghala la nchi ya mbali, alituachia mashine yake ya gemu chini ya televisheni, akaniomba niilinde na vumbi. Mama ni fundi wa nguo, hawezi kuona kitu kikakaa uchi. Akaishonea kifuniko chenye marinda, ikakaa pale imependeza kama mto wa bibi harusi, haina kazi. Ikakaa hivyo mpaka Bwana Salama alipotuma ujumbe kwamba amenunua ya kwake huko huko, na kwamba nikiiunganisha hii na mtandao tunaweza kushindana magari, yeye kule sisi huku, na kusikilizana kwa hedifoni.

Nilijaribu mara mbili nikashikwa na kizunguzungu. Nikampa Mama pedi ya kuchezea anishikie, nikaenda kuanua nguo. Niliporudi nilimkuta ameegemea upande mmoja yeye na kiti chake, mdomo wazi, gari lake limepanda ukutani, na kaka anacheka mpaka namsikia mimi niliyesimama mlangoni. Alikuwa anamwambia Mama rudi nyuma, huo ni ukuta, Mama, huwezi kuuomba njia. Nilisimama pale na nguo mikononi nikisikiliza. Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyotuambia tangu aondoke.

Basi ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Jioni Mama akishafunika cherehani, anakaa mbele ya televisheni na kijana wake. Nikagundua kwamba kaka yangu husema mikono yake ikiwa na shughuli. Kati ya kona na kona alikuwa anamweleza Mama habari za msimamizi anayetembea kama bata, za mwenzake wa chumbani anayekoroma mpaka glasi zinatetema, za viatu vyake vilivyoachia soli akiwa kazini akavifunga kwa gundi ya maboksi. Mama anaitikia enhe, enhe, na kukanyaga mbwa wa kwenye gemu. Nami nikimpigia kesho yake kumuuliza habari za viatu, ananiambia salama.

Uchungu wa mkono niliuona kwanza kwenye birika. Mama aliliinua kwa mikono miwili. Kisha nikauona kwenye mkasi: anakata kidogo, anaukung'uta mkono kama mtu aliyeshika maji, anakata tena. Tangu nimalize shule ya msingi nakaa naye pale dirishani, yeye kwenye cherehani, mimi kwenye vifungo na pindo, na kwa kukaa hivyo nimezoea kumtazama kuliko ninavyotazama kioo. Mwenyewe ndiye aliyeniita Jicho. Siku aliponiletea kopo la mafuta nimfungulie kifuniko, nikamuuliza mkono una nini. Akasema ameulalia vibaya.

Alikuwa ameulalia vibaya kwa wiki kadhaa. Akaanza kujitibu kifundi, akaufunga mkono kwa lastiki ya kiunoni, ile pana ya suruali, akaizungusha mpaka vidole vikavimba kama ndizi. Nikamfungua mwenyewe, nikamvalisha kitenge kizuri, nikampeleka hospitali.

Alitupokea mtaalamu wa viungo, dada mmoja mwenye mikono ya joto na maneno machache. Alimwambia Mama afiche kidole gumba ndani ya ngumi, kisha akaushusha mkono taratibu upande wa kidole cha mwisho. Mama akaruka kitini. Dada akasema kano za kidole gumba, pale zinapopita kwenye kifundo cha mkono, zimevimba kwa kurudia jambo moja muda mrefu. Akauliza Mama anafanya kazi gani. Ushonaji, Mama akajibu. Basi mkasi upumzike, dada akasema, na akampa kifunga mkono chenye bamba ndani, akamwonyesha na mazoezi ya kukunja na kunyoosha. Mama akawa anatikisa kichwa kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Habari za gemu hakuzitaja. Nikamtazama, naye akatazama picha ya mifupa ukutani.

Mkasi nikaushika mimi. Mama alisimama nyuma yangu, mkono kifuani, akiniongoza kama askari wa barabarani, na mara mbili akafumba macho nilipokata kwapa la gauni la mtu. Lakini jioni ikifika, anavua kifunga mkono, anasema kinambana, anachukua pedi. Gari la kwenye gemu haliendi mpaka kitufe cha mwendo kishikiliwe na kidole gumba cha kulia, na hakiachiwi tangu mwanzo wa mbio hadi mwisho. Nilikiona kidole kile kikiwa cheupe kwa kubana. Mkasi ulikuwa umepumzika, mkono haukuwa umepumzika hata kidogo.

Tuliporudi hospitali dada wa viungo alishangaa kuona uvimbe ule ule. Mama akaanza kusema labda ni kuosha vyombo. Nikasema, "Mama pia anaendesha gari." Dada akauliza gari gani. La kwenye televisheni, nikajibu. Mama alinitazama kama unavyoitazama sindano iliyokatikia ndani ya gauni la harusi.

Dada alicheka kidogo, cheko la mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Akasema wagonjwa wa namna hiyo anao tele, ila wengi bado hawajaota ndevu. Akamwelekeza Mama, akipona, acheze kwa vipande vifupi na kupumzika katikati, aweke mto mapajani mikono ipate pa kulalia, kifundo kinyooke, na pedi aishike kama anavyoshika yai. Ila kwa sasa kidole gumba kile kisibonyeze chochote mpaka uvimbe uishe. Mama akauliza utaisha lini. Dada akasema wiki nyingi, na huenda zaidi, inategemea na utii wake.

Tulipofika nyumbani Mama aliketi kizingitini bila kuvua viatu. Nikamwambia si jambo gumu, nitamweleza Bwana Salama kwamba unaumwa, mtapumzika, mtarudi.

"Usimwambie," alisema. "Nikimwambia naumwa atasema pumzika Mama, tutaongea kwa simu. Kwenye simu kuna nini, Jicho? Ukimnyang'anya yule gari, mimi nabaki na salama."

Niliingia ndani nikakaa mahali pake, kwenye kiti cha cherehani, nikawa nafikiri huku naangalia chini. Chini ya meza palikuwa na kanyagio mbili: ya cherehani inayofanya kazi, na ya mota iliyoungua zamani ambayo hatujawahi kuitupa, maana kwetu hakitupwi kitu. Nikaitazama ile ya zamani. Mkono ulikuwa unauma, lakini mguu wa Mama ulikuwa mzima, na mguu ule ulikuwa umekanyaga maisha yake yote.

Nikaibeba pamoja na pedi kwa fundi redio wa mtaa wa nyuma, mzee mpole anayeimba akichomea waya. Nilipomweleza, aliacha kuimba. Akaniuliza ni kitufe kipi, nikamwonyesha. Akaifungua kanyagio, akatoa vilivyoungua akaweka swichi, akavuta waya mpaka ndani ya pedi. Ukikanyaga, gari linakwenda. Ukiinua mguu, linasimama. Usukani ulikuwa kwenye kidole gumba cha kushoto, kizima, na breki ikabaki kwa kidole cha shahada cha mkono huo huo, nacho hakikuwa na neno.

Mama alipoona kanyagio yake ya zamani imelala mbele ya televisheni, aliizunguka kwanza kama paka anayezunguka kitu kigeni. Kisha akavua kandambili, akaketi, nikamwekea mto mapajani na mkono wa kulia juu yake ukiwa ndani ya kifunga chake. Hedifoni ilikuwa inamteleza naye hana mkono wa kuirudisha, nikaitoa, sauti ya kaka ikawa inatokea kwenye televisheni.

Mbio zikaanza. Kwenye njia iliyonyooka Mama alikuwa moto wa kuotea mbali, gari limetangulia, mwenyewe anatabasamu. Ikaja kona ya kwanza, gari likasimama. Likasimama kabisa, katikati ya barabara, mengine yanalipita huku na huku. Akaligeuza polepole kwa kidole cha kushoto mpaka likatazama anakotaka, ndipo akakanyaga, likaruka likaenda. Kona ya pili, vile vile. Nikaanza kucheka, akaniambia nyamaza unanichanganya. Nikamwangalia mguu, cheko likaniisha. Alikuwa anashona. Ukifika kwenye pembe ya kola unainua mguu, unaiacha sindano imezama, unageuza kitambaa, unakanyaga tena. Mguu wake haukujua kona nyingine duniani.

"Mama," kaka akasema, "mbona unasimama kila kona?"

"Naangalia njia."

"Njia gani? Si hii hii ya kila siku?"

Mama akaendelea. Kona iliyofuata akasimama tena, na nikaona gari jekundu la kaka limesimama nyuma yake, haliendi. Kona ya baada ya hapo, hivyo hivyo. Zikawa zinasikika injini tu.

"Mama," akasema mwishowe. "Unaendesha kwa mguu?"

Mama akanitazama mimi. Nikatazama mto.

"Nimekulia chini ya meza ya cherehani," kaka akasema. "Nimelala na mlio huo tangu mtoto. Inakwenda, inasimama, kimya kidogo, inakwenda. Hiyo ni kola, Mama. Unashona kola barabarani. Mkono wako una nini?"

"Salama," Mama akasema.

"Hilo neno ni langu," kaka akasema. "Tafuta lako."

Basi Mama akamwambia. Alimwambia yote, birika, mkasi, lastiki, akaniponda na mimi kwa kumchongea hospitali, na alipofika kwenye wiki nyingi sauti ikapungua. Kaka akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema egesha, Mama, weka gari pembeni hapo kwenye ukuta. Mama akaegesha. Kaka akaegesha ubavuni mwake. Magari mawili yakasimama, la bluu na jekundu, mvua ya kwenye gemu ikiyanyeshea, na hakuna aliyesema neno.

Nilimwona Mama amekaza macho kwenye televisheni, na mguu wake umeinuka, vidole vinaigusa kanyagio. Nilijua anachotaka. Alitaka kukanyaga, gari liondoke, mikono ya kijana wake ipate shughuli, maneno yatoke. Nikamwekea mkono juu ya goti. Sikuukandamiza, niliuweka tu. Mguu ukabaki pale juu. Kisha akaushusha, akauweka chini sakafuni, kando ya kandambili zake.

Kaka akakohoa.

"Sasa nguo nani anakata?" akauliza.

"Jicho."

"Mungu awasitiri wateja," akasema, na Mama akacheka cheko lililotoka bila ruhusa, mpaka mkono ukaruka kutoka juu ya mto, akasema aah.

Kisha kaka akaanza kueleza kinachoonekana kwenye dirisha lake. Hatukuwahi kumuuliza na hakuwahi kusema. Alisema kuna ukuta wa matofali, na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele iliyofungwa kwa kufuli kana kwamba kuna wa kuiiba, na bibi mmoja anayeyamwagilia maua ya plastiki kila akipita. Alisema siku za kwanza alimwona mjinga. Siku hizi bibi asipotokea, yeye mwenyewe hukaa dirishani akimngojea. Akasema ana mwendo kama wako, Mama. Alisema hayo taratibu, mikono yake haifanyi kitu, nasi tukayasikia yote.

Mama alikuwa ametulia, uso umemlegea kama wa mtu aliyetua mzigo. Alipotaka kujibu alianza na enhe, kisha akasema, "Huyo bibi mpe salamu zangu. Mwambie ya plastiki yanataka kufutwa, si kumwagiliwa."

Mkono sasa unapona, kwa mwendo wake. Kifunga amekivumilia, amekishonea hata kitambaa laini kwa ndani, na pembeni marinda. Kila jioni kabla ya mbio wanaegesha kwanza, na kaka ndiye anayemsimamia mazoezi ya dada wa viungo: kunja, nyoosha, pumzika, Mama usiniibie, nimesikia hujanyoosha. Wakicheza, wanacheza kipande kifupi, wanasimama, wanazungumza, na mara nyingine wanasahau kuondoka. Kaka akipigiwa simu bado husema salama, lakini nyuma ya salama siku hizi kuna kijineno, na mimi nimeridhika nacho.

Dada wa viungo amesema karibuni Mama ataweza kutumia kidole gumba kidogo kidogo. Mama amesema hana haraka, mguu unamtosha. Kushinda hashindi tena. Kaka naye hashindi, maana gari lake jekundu likifika kwenye kona husimama nyuma ya lile la bluu, linangoja Mama ageuze kola.