Upande Unaovuja

"Anza juu, mwanangu. Ukianza na sakafu utafagia mara mbili, na mimi leo sina mgongo wa mara mbili."

Muhsina alikuwa amesimama juu ya stuli, leso moja kiunoni, nyingine kichwani, anavuta utando wa buibui kwenye boriti kwa ufagio wa chelewa. Bintiye Salwa alikuwa chini na ndoo, pua ameiziba kwa ncha ya mtandio. Chandarua kilikwisha teremshwa. Godoro lilikuwa uani juani, na kitanda kimebaki chaga tupu.

Ijumaa Salwa anaolewa. Kwa desturi ya kwao hapo Msambweni, bwana harusi huja kukaa fungate kwa kina mkewe, na chumba cha fungate hakiwi kile cha uani penye magunia ya nazi. Kinakuwa hiki, chumba kikubwa, chumba cha mama. Muhsina alikuwa amekitoa mwenyewe kwa ulimi wake, na ulimi ni mwepesi. Mikono ndiyo iliyokuwa ikisitasita.

Na mikono ile, usiione hivi, ilikuwa mikono ya kazi. Miaka yote Salwa anasoma, Muhsina alikuwa akisafisha vyumba katika hoteli moja ya Diani. Mgeni hukaa wiki, akaacha nywele kwenye foronya, mchanga bafuni, harufu ya mafuta ya jua kwenye mapazia. Muhsina huingia na toroli lake, na akitoka utaapa kwamba kitanda kile hakijalaliwa na mtu tangu kichongwe. Ndiyo ilikuwa fahari yake. Lakini chumbani mwake, tangu Mbarak afariki mwaka juzi, alikuwa akifagia kati ya kitanda na mlango tu, basi. Aliuogopa ufundi wake mwenyewe.

"Sasa kabati," Salwa alisema.

"Kwanza tupige deki mvunguni."

"Mama, mvungu tumeupiga deki mara mbili. Umelizunguka kabati tangu asubuhi, unalinyatia kama paka na jiko la moto."

Muhsina akacheka bila kupenda. Mtoto huyu na mdomo wake! Akashuka kwenye stuli.

Lilikuwa kabati la mninga, la milango miwili, pana. Upande mmoja umeelekea mlango wa chumba, upande wa pili umeegemea ukuta wa nje, ule unaovuja mvua zikikaza. Nguo za Mbarak zilikuwa upande huo wa ukuta. Muhsina alifungua, na zile kanzu mbili na mashati yake ya safari yakayumba kidogo, kama watu waliogutushwa usingizini. Ukungu ulikuwa umetapakaa kwenye kola. Akatoa shati moja, akalinusa. Kuvu tupu. Hakukuwa na Mbarak tena humo, wala dizeli yake, wala sigara zake. Moyo ukamwuma kweli kweli, lakini hakulia, maana alikuwa na kitu kingine cha kushika.

Kitu chenyewe kilikuwa harufu ambayo hakuwahi kuinusa.

Mbarak alikuwa dereva wa lori, mtu wa barabarani, mwezi mzima kati ya Mackinnon Road na kwingine huko bara, siku mbili tatu nyumbani. Sala zake zilikuwa za kuungaunga. Watu walisema, tena bila kunong'ona sana, kwamba msikiti anaujua kwa nje. Akafia Taru, alfajiri, lori limeegeshwa kando ya njia, kichwa kimelala juu ya usukani. Hakuwepo mtu wa kumlakinia, kumtamkisha shahada. Mwiba huo ndio uliomchoma Muhsina kuliko kifo chenyewe: kwamba mumewe aliondoka peke yake, na kwamba huenda kule alikokwenda hakupokewa.

Wakamleta siku ile ile, wakamwosha msikitini. Na walipoinua jeneza, wanaume wote waliokuwepo walisikia harufu ya asumini, asumini mbichi, kama iliyochumwa jioni ile, ikitoka kwa maiti wa dereva wa lori. Wakasimama. Ikawafuata mpaka makaburini. Mwalimu wa madrasa mwenyewe aliisimulia, machozi yakimlenga, na midomo yote iliyokuwa ikimsema Mbarak ikafumbwa. Tangu hapo Muhsina alilala. Akianza kuingiwa na hofu ya wapi yuko mumewe, alijiambia, "Alinukia," na hofu ikarudi ilikotoka.

"Zote hizi anazichukua ami Hashim?" Salwa aliuliza, anakunja suruali.

"Zote. Sadaka ya babako. Kofia ile ya kushonwa kwa mkono mwachie yeye mwenyewe avae."

Upande wa ukuta ukaisha. Ulikuwa mtupu kiasi cha kutisha, na juu kabisa, kwenye rafu, palikuwa patupu tangu siku ile ya msiba. Hapo ndipo Hashim, mdogo wake Mbarak, alipoitoa sanda ya nduguye.

Sanda hizo zilikuwa mbili. Mama mkwe wake, Bi Mbeyu, Mungu amrehemu, aliporudi Hija alileta majora mawili ya bafta aliyoyachovya katika maji ya Zamzam, la mwanawe na la mkwewe. Mbarak alizikimbia. "Mambo hayo mimi sitii mkono," alisema, na dereva huyo aliyelala porini na simba akawa hapiti karibu na rafu. Muhsina ndiye aliyezitengeneza. Akazitia karafuumaiti zote mbili, akazifunga kila moja kwa kitambaa cheupe cha namna moja. Katika yake akaongeza kikuba, asumini na rihani zilizofungwa kwa uzi, kwa sababu mwanamke ni mwanamke hata akienda huko. Salwa wakati huo alikuwa hajang'oa meno ya utoto. Akaziweka rafu ya juu, kila moja juu ya nguo za mwenyewe, na tangu hapo hazikufunguliwa. Sanda haifunguliwi ovyo.

Sasa akapanda stuli, upande wa mlango, juu ya nguo zake mwenyewe, akaiteremsha iliyobaki.

"Uiache, mama," Salwa alisema, amerudi nyuma hatua.

"Naianika tu. Nende nikakibadilishe kile kikuba, kimeshakuwa unga."

Akaifungua juu ya chaga za kitanda. Bafta ikatoka nyeupe, ina manjano kidogo kwenye mikunjo. Akatafuta kikuba. Akapapasa mkunjo baada ya mkunjo. Hapakuwa na jani, hapakuwa na uzi. Akaikunjua yote. Ikafika mwisho mapema.

Mwanamke hukatiwa vipande vingi, mwanamume vitatu. Jora la Muhsina lilikuwa refu. Hili halikuwa lake.

"Mama? Mbona umekaa chini?"

Muhsina alikuwa akikumbuka mvua za vuli, mwaka ule kabla ya msiba. Alirudi kutoka kazini akakuta nguo zake zote zimehamishwa upande wa mlango, na za Mbarak ziko upande wa ukuta, alikokuwa yeye. "Nguo zangu umezifanyaje?" aliuliza kwa ukali. Na Mbarak, amelala kitandani miguu ukutani, akajibu, "Nimezitoa majini. Zangu zimezoea kulowa." Akahamisha kila kitu, mpaka viatu. Isipokuwa rafu ya juu. Huko hakutia mkono.

Kwa hiyo Hashim alipokuja mbio siku ya msiba, akachukua fungu lililokuwa juu ya nguo za kakake. Angechukua lipi jingine? Na fungu hilo lilikuwa la Muhsina. Lilikuwa na asumini ndani.

Lo! Basi ndiyo hiyo. Ndiyo harufu yenyewe. Maskini Mbarak hakunukia, zilinukia takataka za mkewe. Muhsina akaikunja ile bafta haraka, vibaya, yeye ambaye shuka zake hotelini huwezi kuona kona. Akaisukuma chini ya rundo la leso. Hakuna aliyejua. Akinyamaza, hakuna atakayejua, na Mbarak ataendelea kunukia.

Uani sauti ya mwanamume ikabisha hodi. "Hodi wenyewe!"

"Shikamoo, ami," Salwa akaitika mbio.

"Marahaba, bibi harusi. Mama yuko? Nimekuja kubeba mizigo kabla hujaniita mvivu."

Hashim akaingia, mtu mnene, mpole, muuza samaki wa kukaanga. Ndiye atakayemwozesha Salwa mahali pa babake. Akaona mashati yaliyokunjwa, akaigusa ile kofia.

"Hii ni yako," Muhsina alimwambia.

"Ahsante, shemeji." Akaivaa. Haikumwenea, akaiacha hivyo hivyo kwenye utosi. "Unajua jana nilikuwa Waa, nikamsimulia mtu habari ya kaka. Habari ya ile harufu. Akalia, mtu mzima."

Muhsina akamtazama. Hashim huyu alikuwa ameisimulia habari ile kila mahali, na hakuwahi kuongeza neno. Kumwacha aendelee kuapa juu ya kitu ambacho yeye anajua si kweli, hilo hakuliweza. Aliogopa, akasema hivyo hivyo.

"Salwa, kawatazame wale wanawake waliokuja kukutungia asumini uani. Shemeji, keti."

Salwa akatoka, akiwa na maswali mdomo mzima. Hashim akaketi kwenye stuli. Muhsina akaivuta bafta kutoka chini ya leso.

"Sanda ya nduguyo ni hii. Uliyochukua ilikuwa yangu." Akamweleza: ukuta, mvua, nguo kuhamishwa, rafu iliyoachwa. Akafika kwenye kikuba. "Nilitia asumini humo, shemeji. Kwa mkono wangu. Harufu ile mliyoisikia ilikuwa ni hiyo tu. Nisamehe."

Hashim aliitazama ile bafta. Akaivua kofia, akaishika magotini.

"Kilikuwa kimefungwa kwa uzi mwekundu?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Nilikiona. Mimi ndiye niliyeikunjua sanda; niliiona ndefu, nikadhani mama alizidisha tu. Kilianguka mkekani, kikavunjika. Majani meusi, shemeji, yamefanya kuvu, nikadhani ni mavi ya panya, niwie radhi. Nikakiinua nikakinusa, kwa sababu niliogopa nguo ya maiti isiwe imeingia najisi." Akatikisa kichwa. "Hakikunuka kitu. Ukungu wa ukuta wako, basi. Nikakung'uta nje yote, uzi na unga wake, tena nikaitikisa bafta mpaka mwalimu akanikemea kwamba nachelewesha."

"Na harufu?"

"Harufu ilikuja baadaye. Tulikwisha kumkafini na kuifunga sanda, tukamswalia. Tulipomwinua ndipo ikaja, mbichi, yenye umande. Mimi nilimgeukia mwalimu nikamwuliza nani ana maua. Hakuwa nayo mtu." Akaizungusha kofia magotini. "Siku zote nilisema, kwa nini asumini? Mbona si udi, si ambari? Kaka na asumini wapi na wapi? Subhanallah. Kumbe alikuwa amevaa nguo yako."

Muhsina nywele zilimsimama mikononi. Akaitazama rafu tupu upande wa ukuta, akalitazama lile doa la maji lililoshuka kutoka darini mpaka nyuma ya kabati, na akawa haelewi, na kutoelewa kwenyewe kulikuwa kumemjaa kifuani. Alikuwa ameogopa kwamba mumewe aliondoka peke yake. Na muda wote huo alikuwa chini kule amejifunika nguo ya mkewe.

"Alhamdulillahi," alisema mwisho, polepole, na sasa ndipo alipolia. Hashim alitazama dirishani mpaka akamaliza.

"Lakini hii ni ya mwanamume," Hashim alisema, anaigusa bafta kwa kidole. "Haitakutosha, shemeji. Tununue nyingine."

"Itanitosha. Ikipungua mtaniongezea ya dukani. Mimi nakwenda na hii."

Hashim akabeba mizigo akaondoka, kofia imemkalia kama kifuniko cha chupa. Muhsina akaenda uani. Wanawake walikuwa wamezunguka sinia wakitunga maua ya bibi harusi, vicheko vimejaa, mmoja anamtania Salwa mpaka amejificha uso. Muhsina akachukua asumini kiganja kimoja na tawi la rihani, akazifunga kwa uzi. Hawakumwuliza. Akarudi, akaikunja bafta upya, kona kwa kona, kikuba katikati, akaifunga, akaipeleka katika chumba kile cha magunia ya nazi, kitakachokuwa chake sasa.

Alasiri chumba kikubwa kilikuwa tayari. Sakafu inang'aa, shuka imevutwa mpaka ungeweza kudundisha nazi juu yake, chetezo kinafuka udi pembeni. Salwa alikuwa akining'iniza nguo zake mpya kabatini, leso na madira, upande wa mlango. Zikajaa. Akabaki na hanga tupu mkononi.

"Mama, na nguo za bwana harusi nizipangie wapi? Kule ukuta unavuja. Nimwachie huku kwenye ukavu, mimi niende kule?"

Muhsina alikuwa mlangoni, ndoo mkononi, analitazama lile doa ukutani. Alikuwa amelisugua kwa sabuni na brashi, kama anavyosugua kila kitu, na halikutoka hata kidogo.

"Usimpangie," alisema. "Mwache afungue kabati achague mwenyewe."